Pimbi, Kiboko na Kioo cha Mabonde

Paukwa.

— Pakawa.

Pakawa nini?

— Pakawa jiwe.

Na juu ya jiwe?

— Tuambie wewe uliyepanda.

Basi sogeeni niwaambie. Juu ya jiwe alikaa Pimbi. Mnamjua Pimbi, mnyama mdogo, mnene kidogo, hana mkia wa kujivunia, masikio kama vipande vya andazi. Lakini macho yake yaliona mbali.

Pimbi alikaa katika nchi ya Mabonde. Nchi hiyo ilikuwa bonde, mlima, bonde, mlima, bonde, mlima, mpaka miguu ya msafiri ikachoka kabla ya macho yake. Na wanyama wa Mabonde walipenda michezo kuliko chakula. Mvua zikiisha walikusanyika bonde la kati, swala wakikimbia, nyati wakishindana mieleka, fisimaji wakiogelea, ngedere wakirukia matawi. Waliokuwa karibu waliona. Waliokuwa mbali waliona vumbi.

Aliyekuwa mbali kuliko wote ni digidigi mmoja, Mama Siwema, rafiki wa Pimbi tangu usichana wao. Alikaa pangoni kwenye mlima wa mwisho. Mguu wake wa nyuma ulivunjwa na mtego, akawa hawezi tena kushuka. Na binti yake, Siwema, alikuwa mkimbiaji.

Pimbi akamwonea huruma rafiki yake. Michezo ilipoanza akapanda juu ya jiwe, akaita alichokiona. Tumbili wa mlima wa pili akapokea, akaita. Kanga wa mlima wa tatu akapokea, akaita. Hapo ndipo runinga ya Mabonde ilipoanzia, mdomoni mwa Pimbi.

Pimbi akaita, "Siwema kampita Swala."

Tumbili akaita, "Siwema kampiga Swala."

Kanga akaita, "Siwema kampika Swala."

Mama Siwema alipoisikia habari hiyo akakaa chini akalia, akijiuliza mwanawe kaanza lini kula nyama.

Pimbi akapanda milima yote hiyo kwenda kumweleza kweli. Mama Siwema akamsikiliza, akafuta machozi, akasema, "Ahsante, shoga yangu. Lakini habari ninaletewa kila mara. Ninachotaka ni kumwona."

Neno hilo likamkaa Pimbi kifuani. Akamchukua Tumbili, wakaenda hadi jalala la wanadamu nyuma ya mji. Wakaokota kamera, wakaokota dishi, wakaokota nyaya, wakaokota vioo vya runinga vyenye nyufa. Walivibeba, wakapumzika, wakavibeba tena. Wakasimamisha mlingoti juu ya jiwe. Chini ya jiwe mto ulikuwa unaporomoka, wakatia gurudumu majini. Maji yakalisukuma, gurudumu likazunguka, kwi-kwi-kwi, umeme ukapanda. Kila mlima ukapata kioo chake.

Siku ya kwanza, wanyama wa mlima wa mwisho walijazana pangoni kwa Mama Siwema. Mnataka kujua waliona nini?

— Tunataka.

Kwanza kwenye kioo ilinyesha mvua nyeupe. Shiii, shiii. Halafu mvua ikakatika. Halafu, mle ndani, likatokea bonde la kati, lote, pamoja na jua lake.

Pango likawa kimya, jii. Korongo alikuwa ameinua mguu mmoja, akasahau kuushusha. Nungunungu, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, alinyamaza. Kobe alizunguka nyuma ya kioo kutafuta bonde limeingilia wapi. Akakuta ukuta. Akarudi polepole, akakaa. Nyuki mmoja akatua kwenye kioo akatambaa juu ya uwanja, na kwa muda huo akawa mkubwa kuliko nyati, na hakuna aliyemcheka.

Kisha Siwema akapita. Alikuwa mdogo kama ukucha, lakini alikuwa yeye. Vumbi lake lilikuwa lake, na kivuli chake kilimfuata.

Mama Siwema akanyoosha pua, akagusa kioo. Kilikuwa baridi.

"Anakunja sikio la kushoto," alisema kwa sauti ndogo. "Anakunja kama marehemu baba yake. Sikujua kwamba mwanangu anakimbia hivyo."

Na mbio zilipokwisha hawakuondoka. Walikaa wakitazama uwanja mtupu, vumbi likishuka, kwa sababu hata vumbi la mbali lilikuwa jambo la ajabu.

Tangu siku hiyo Runinga ya Mabonde ikawa na vipindi vyake. Asubuhi mbio. Mchana mieleka. Alasiri kuogelea. Jioni uchambuzi, Bundi na Kasuku wakibishana nani alimsukuma nani, na wote wawili hawajawahi kukimbia hata hatua moja. Siku za mvua, marudio. Wanyama wa milima iliyokuwa haijuani wakaanza kujuana. Fungo wa mlima wa nne akamshangilia kwa jina nyati ambaye hakuwahi kukutana naye. Ikaonekana kumbe nchi ni moja.

Habari zikamfikia Kiboko.

Kiboko alikuwa mkubwa, na alikuwa na nguvu, na alikuwa mlafi. Alitoka kwenye kina cha mto, tindi, tindi, tindi, akaenda akalilalia gurudumu. Gurudumu likalia kwi, kwi, kwi. Kisha jii. Vioo vyote vya Mabonde vikawa vyeusi.

Pimbi akashuka mbio kutoka kwenye jiwe.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Nani mkubwa katika Mabonde?"

"Ni wewe, Bwana."

"Nani hajaonekana kwenye kioo?"

"Ni wewe, Bwana. Kioo kinaonyesha wachezaji. Na wewe sijui unacheza mchezo gani."

"Utafute," akasema Kiboko, "maana mimi hapa sibanduki. Na kila nyumba yenye kioo iniletee mzigo wa nyasi mbichi. Bila nyasi, hakuna picha."

Pimbi angefanya nini? Alizidiwa uzito hata na nyanya ya Kiboko.

— Nyanya?

Nyanya aliyemzaa mama yake, msinikatize. Hata huyo nyanya alikuwa mzito kuliko Pimbi.

Basi ikawa hivyo. Nyasi zikaletwa, Kiboko akajisogeza kidogo, gurudumu likazunguka kwa taabu. Vipindi vikabadilika. Asubuhi, Kiboko anaamka. Mchana, Kiboko anapiga miayo. Alasiri, Kiboko anajigeuza ubavu. Jioni, uchambuzi wa miayo.

"Ule wa kwanza ulikuwa mpana," alisema Bundi.

"Mpana ndiyo, lakini ulikosa kina," alijibu Kasuku.

Swala walikimbia bila kuonekana na mtu. Nyati waliangushana bila kuonekana na mtu. Wanyama wa milimani wakageuza vioo vikatazama ukuta, lakini nyasi waliendelea kuzipeleka, kwa sababu walimwogopa. Mlima wa mwisho ukabaki mtupu kama kichwa cha tai mzoga. Mama Siwema akawa anakula majani makavu.

Na mbio kubwa za mwaka zikawa zinakaribia, na Siwema alikuwa amechaguliwa kukimbia.

Pimbi alipokwenda kumjulia hali, Mama Siwema alimwambia, "Shoga, nyasi achukue. Njaa naijua. Lakini hizi mbio nitazionaje?"

Pimbi akarudi na Tumbili jalalani, akachakura, akachakura. Safari hii hakutafuta kamera, hakutafuta waya. Aliokota kioo cha kabati la nguo, kirefu, kizima, kile ambacho wanadamu hujitazamia asubuhi kabla ya kutoka. Wakakibeba hadi dimbwi lililo mbali kabisa na gurudumu, wakakisimamisha kati ya matete.

Kisha Pimbi akaenda kwa Kiboko, akainamisha kichwa.

"Bwana Kiboko, naona haya."

"Haya ya nini?"

"Kukuchanganya na wadogo. Juzi umemaliza kupiga miayo tu, akatokea fisimaji mmoja anaogelea. Kwenye kioo kilekile. Mkubwa anastahili kioo chake peke yake."

Kiboko akainua sikio. "Kitaonyesha nini?"

"Wewe."

"Na baada yangu?"

"Wewe."

"Na marudio?"

"Hakina marudio. Ni moja kwa moja, kutwa nzima. Ukipepesa jicho, jicho linapepesa palepale."

"Na watazamaji?"

"Kila akupendaye kwa dhati atakuwa mbele yake, Bwana."

Kiboko akatetemeka kwa furaha mpaka maji yakapanda ukingoni. Lakini akakumbuka tumbo lake. "Nyasi zangu waniletee hukohuko."

"Watakuletea," alisema Pimbi. "Ila mzigo ukiwekwa mbele ya kioo utakuziba. Wakupendao wataona nyasi tu. Pengine wataanza kuzipenda nyasi."

Kiboko akazitazama nyasi. Akajitazama tumbo. Akafikiri, na kufikiri kwake kulichukua muda. Mwisho akasema, "Wasilete."

Akainuka. Gudu, gudu, gudu, hadi dimbwini. Chubwi, akajitosa. Akaibuka mbele ya kioo.

Sasa nisikilizeni, maana hapa hata Pimbi, aliyekuwa amejificha kwenye matete, alisahau kucheka. Kiboko aliinua kichwa, na kichwa kikainuka. Alifumbua kinywa, na kinywa kikafumbuka, chekundu, kipana, meno yote mahali pake, na nyuma yake anga lote la Mabonde likiwaka. Hakuwahi kujiona. Mto alimozaliwa ulikuwa na matope tangu enzi na enzi. Alikaa pale, maji yakimchuruzika usoni.

"Kumbe niko hivi," alisema taratibu. "Kumbe nyinyi mlikuwa mnaona hivi siku zote, na hamkuniambia."

Machozi yakamtoka, na machozi yakaonekana palepale, bila kuchelewa. Pimbi akaondoka kwa kunyata. Alikuwa ameona watazamaji wengi, lakini hakuwahi kuona anayetazama kwa mapenzi kama yale.

Gurudumu likazunguka. Kwi-kwi-kwi. Vioo vikageuzwa kutoka ukutani. Nyasi zikaanza kuota.

Siku ya mbio kubwa ikafika. Mlima wa mwisho wote ulikuwa pangoni. Wakimbiaji walikuwa wanajipanga, Siwema ukingoni kabisa, akipiga ardhi kwa ukwato. Na siku hiyohiyo, kati ya siku zote, Kiboko alipata hamu ya kusikia sifa zake. Akatoka dimbwini.

Akamkuta Ngiri. "Ngiri, jana ulinionaje?"

Ngiri hakuwa amemwona. Akajibu, "Jana, Bwana, ulipiga miayo."

"Kweli kabisa," akasema Kiboko, akafurahi, akaenda.

Akamkuta Kanga. "Kanga, jana ulinionaje?"

Kanga hakuwa amemwona. Akajibu, "Jana, Bwana, ulijigeuza ubavu."

"Kweli kabisa," akasema Kiboko, akafurahi, akaenda.

Akapanda hadi mlima wa mwisho. Tindi, tindi, tindi. Pango likaingia giza, kichwa chake kilikuwa kimejaa mlangoni. Wanyama wote wakaganda. Pimbi, aliyekuwa amekuja kutazama pamoja na rafiki yake, alitafuta hila. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuipata.

Mama Siwema akainuka na mguu wake mmoja mbovu, akachechemea hadi mlangoni, akasimama kati ya pua ya Kiboko na kioo.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba, Mama Siwema. Jana ulinionaje?"

"Jana uliamka, Bwana."

"Kweli kabisa. Naona umati humo ndani. Nipishe, na mimi nijitazame nikiwa na wenzangu."

Nyuma yake, mle kiooni, wakimbiaji walikuwa wameinama tayari. Mama Siwema hakugeuka.

"Bwana Kiboko," alisema, "wewe uko hapa mlangoni kwangu."

"Niko hapa."

"Sasa kule kwenye kioo chako, saa hii, yuko nani?"

Kiboko akafumbua kinywa. Kinywa kikabaki wazi.

"Hakuna mtu," alisema.

"Basi wanaokupenda wanatazama matope."

Kiboko hakuaga. Aligeuka akashuka mlima, gudu-gudu-gudu-gudu, miti ikalala kulia na kushoto, na kwa mbali, mbali sana, wakasikia chubwi.

Mama Siwema akageukia kioo. Mbio zilikuwa zimeanza. Alimwona mwanawe akitoka ukingoni, sikio la kushoto limekunjwa, miguu haigusi ardhi bali inaikumbuka tu. Siwema hakushinda. Alikuwa wa nne. Lakini kwenye kona ya mwisho alirefuka mpaka mwili wake wote ukawa mstari mmoja juu ya vumbi, na pango zima likavuta pumzi pamoja, na inasemekana milima yote ya Mabonde ilivuta pumzi pamoja, hata majani yakainama upande ule.

"Umemwona?" aliuliza Pimbi.

"Nyamaza, shoga," alisema Mama Siwema. "Bado namwona."

Kiboko hajatoka dimbwini mchana tangu siku ile. Anatoka usiku kula nyasi, haraka haraka, wakati anaamini watazamaji wake wamelala. Ukimkuta mchana amejitumbukiza, macho tu yako juu ya maji, usimpigie kelele. Yuko hewani.

Hapo ngano yangu imetua mzigo. Aliyeipenda aibebe kichwani, aliyechukizwa aiache njiani, mpita njia ataiokota.

— Na funzo lake?

Funzo? Funzo ni kwamba kusema uongo ni vibaya, wanangu, na kukaa mbele ya kioo kutwa nzima hakumfaidii mtu yeyote. Haya, nipisheni nipite, mechi inaanza.