Bahari, Mgeni Rasmi wa Kikaoni

Paukwa!

"Pakawa!"

Nimesema paukwa! Au midomo mmeiacha nyumbani?

"Pakawa! Tupe, bibi!"

Haya, nawapa. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, nikishaanza sitaki fujo.

Hapo kale, kale ile wanyama walipokuwa na wenyeviti na mihuri, palikuwa na kijiji ufuoni kikiitwa Kikaoni. Kiliitwa hivyo kwa sababu wenyewe walipenda vikao kupita kiasi. Kuku akitaga, kikao. Mbuzi akipiga chafya, kikao. Mwenyekiti alikuwa Punda, na katibu wake alikuwa Ngedere.

Jirani yao alikuwa Bahari. Bahari wa siku zile alikuwa na adabu zake. Hakuingia kwa mtu bila kupiga hodi. Alipiga hodi mara tatu, na asipojibiwa alirudi kwao, kama tunavyofanya mimi na wewe. Taabu ni kwamba wanakijiji nao walikuwa na adabu, tena ya kupitiliza. Haikuwahi kupigwa hodi Kikaoni ikakosa wa kuiitikia.

Asubuhi moja maji yalijaa kuliko kawaida. Bahari akafika nyuma ya jiko la Bata.

"Hodi!"

"Karibu!" Bata akaitika, huku anakoroga uji.

Bahari akaingia. Akaondoka na jiko, sufuria, uji na mwiko.

Kijiji kizima kikashtuka. Kumbe Bahari anasogea! Juzi juzi alikuwa anaishia kule kwenye majabali, leo yuko jikoni. Aliyeshtuka kuliko wote alikuwa Bi Kasa. Mayai yake alikuwa ameyafukia mchangani, hatua chache kutoka kwa Bata. Mayai mia moja na kumi na mawili! Kuyahamisha mwenyewe hawezi, maana mikono yake ni makasia, haishiki kitu. Na bamvua kubwa, yale maji makuu ya mwezi mpevu, ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili. Bi Kasa akakosa raha kabisa.

Punda akaitisha kikao. Wakafika uwanjani, wakakuta hakuna pa kukaa.

"Jambo zito halijadiliwi watu wakiwa wamesimama," akasema Punda.

Basi wakaenda wakakata mikoko yote iliyokuwa mbele ya kijiji, wakatengeneza mabenchi. Mabenchi mazuri, sikatai. Lakini mikoko ile ndiyo iliyokuwa ikimchelewesha Bahari njiani. Alikuwa akipita pale anakwaruzwa, anachoka, anafika kijijini hana nguvu. Sasa njia ikawa nyeupe.

Bi Kasa akainua kasia lake. "Mwenyekiti, naomba kusema. Mayai yangu..."

Ngedere akapekua karatasi. "Mama, mayai yako yapo kwenye Mengineyo. Mengineyo ni ajenda ya mwisho."

Lakini kikao hakikufika mwisho. Njaa iliwauma, wakakiahirisha wakaenda kula.

Siku ya nne Bahari akafika kwa Mbuzi.

"Hodi!"

"Karibu!" Mbuzi akaitika, wala hakuinuka.

Bahari akaingia. Akaondoka na nyumba, kitanda na kiatu kimoja. Mbuzi ana miguu minne, hicho kimoja alikuwa anakivaa wapi, msiniulize mimi.

Kikao cha pili. Wakakaa, mabenchi yakayumba.

"Uwanja hauko sawa," akasema Punda. "Tutapangaje mambo huku tunayumbayumba?"

Basi wakaenda wakachimba tuta la mchanga lililokikinga kijiji, wakaleta mchanga wakausawazisha uwanja. Mabenchi yakatulia tuli. Tuta likawa halipo.

"Mwenyekiti, naomba kusema," akasema Bi Kasa. "Mayai yangu..."

"Mengineyo, mama," akasema Ngedere.

Siku hiyo waliunda kamati ndogo ya kuchunguza kama kamati kubwa inatosha. Kamati ndogo ikajibu kwamba inahitaji mabenchi. Bi Kasa akarudi mchangani, akakaa juu ya mayai yake, akalia.

Siku ya nane, kikao cha tatu. Punda akasimama, masikio yamesimama pia.

"Ndugu zangu, mimi nina aibu. Kila siku tunamjadili Bahari, na Bahari mwenyewe hayupo. Huko si kupanga. Huko ni kusengenya!"

Wote wakainamisha vichwa. Kweli, walikuwa wamemsengenya jirani wa watu. Wakakubaliana Bahari aalikwe, tena awe mgeni rasmi. Tarehe je? Ngedere akahesabu kwa vidole vya mikono na miguu, akachagua siku ya bamvua kubwa, maana siku hiyo Bahari atakuwa na nafasi ya kufika.

"Mwenyekiti," akasema Bi Kasa, "siku hiyo ndiyo mayai yangu..."

"Mengineyo!" kikao kizima kikaitikia.

Barua akapewa Kaa aipeleke. Kaa hutembea upande. Safari ya hatua hamsini ikamchukua siku tatu, lakini barua ilifika. Bahari akaisoma, akafurahi sana. Hakuwa amewahi kualikwa popote.

Siku ikafika. Asubuhi hiyo wote walikuwa kwenye mabenchi. Meza ya mgeni ilikuwa na kitambaa na maua. Punda alikuwa kwenye kiti chake kikubwa, akirudiarudia kimoyomoyo, "Itifaki imezingatiwa, itifaki imezingatiwa."

Mara maji yakainuka. Bahari alikuja mzima mzima, hakuacha hata tone nyumbani.

"Hodi!"

Wote wakavuta pumzi waitikie. Bi Kasa akajitupa katikati ya uwanja.

"Nyamazeni! Mkimkaribisha leo hatoki tena! Hodi tatu bila jibu, atarudi kwao!"

Wakajaribu kunyamaza. Wapi! Kuku alijishika mdomo kwa mabawa mawili. Bata alitafuna kitambaa cha meza. Mbuzi machozi yalimtoka kwa uchungu wa adabu.

"Hatuwezi, mama!" akalia Bata. "Tukiwepo tutaitika tu!"

"Basi tusiwepo!" akasema Bi Kasa. "Kimbieni mlimani! Lakini chukueni mayai yangu, nawaomba, wenye mikono wachukue mayai yangu!"

Hapo Ngedere akatupa karatasi zake zote. Nawaambia, hata mimi sikumtegemea. Akafukua mchanga kwa mikono miwili, akajaza pakacha, akampa Mbuzi. Akajaza la pili, akampa Kuku na Bata. Wakaondoka mbio kupanda mlima.

"Hodi!" Hiyo ya pili.

Kijiji kimya. Ngedere alikuwa amerudi kujaza pakacha la mwisho. Shimoni yalikuwa yamebaki mayai kumi na tisa. Aliyebaki uwanjani ni Punda peke yake, amezama kwenye itifaki yake hata hodi hiyo hakuisikia.

"Shuka, Mwenyekiti!" akapiga kelele Ngedere.

"Kikao hakijafungwa!" akajibu Punda. "Na mgeni rasmi apokewe na nani?"

"Hodi," akasema Bahari mara ya tatu, sauti ya chini, tayari anageuka kurudi.

Na Punda, mwenyekiti wetu, akatoa koo lote. "Karibuuu! Karibu mgeni rasmi! Jisikie uko nyumbani!"

Bahari akaingia. Akachukua uwanja, mabenchi, meza na maua. Akachukua lile shimo na mayai kumi na tisa ndani yake. Ngedere alinusurika kwa mkia tu, aliuzungusha kwenye mnazi. Punda alielea na kiti chake, akihutubia samaki.

Wengine wakabaki mlimani. Walipanga mambo yao siku hiyo hiyo, wamekaa chini, na wa kwanza kusema alikuwa Bi Kasa. Nyumba zikajengwa huko juu. Kule chini walipanda mikoko, safu kwa safu, na mchanga hakuna aliyeugusa tena.

Mayai yakaanguliwa. Watoto tisini na watatu wakatoka, wadogo kama vifuniko vya chupa, wakateremka kwenda majini. Bi Kasa alikuwa akiwahesabu. Ndipo Punda akatokea, amelowa, na mwani shingoni.

"Kwa niaba ya kijiji," akaanza, "nampongeza mama kwa..."

"Mwenyekiti," akasema Bi Kasa, "naomba kusema. Wanangu kumi na tisa, umewaandika kwenye ajenda gani?"

Punda akauvua ule mwani shingoni. Akakaa chini. Masikio yakalala.

Basi, wajukuu zangu, ngano hii inatufunza kwamba maji hupangiwa mapema, yakiwa bado mbali. Na katika kupanga, mwenye cha kupoteza asikilizwe kwanza, asisubirishwe hadi mwisho.

Ngano nimeitua hapa. Iliyomkaa vizuri aende nayo kwao, na iliyomchoma aulize moyo wake kwa nini.