Mkutano wa Kisima

Mzee mmoja, jina lake Lugembe, alikuwa na mji mkubwa wa wana sita na wake zao, na maji yao waliyateka mbali bondeni. Mwaka mmoja akataka kuchimba kisima. Akauita ukoo mzima, maana kisima cha wote, alisema, sharti kiamuliwe na wote.

Nyamizi, mke wa mwanawe wa mwisho, alifurahi kuliko wenzake. Maji ya bondeni yalikuwa yamemwuguza mtoto wake tumbo, na alikuwa bado hajapona sawasawa. Akamwacha kwa jirani, akaacha na palizi, akaenda. Wanaume wakasema kutwa. Wake za wana, kwa desturi ya mji ule, husema mwisho, wakati nusu ya watu wamekwisha kusinzia. Alipopewa nafasi akasema wazi kwamba pasichimbwe chini ya zizi, kwa sababu masika mavi yote ya ng'ombe huteremkia pale. Mzee akaitikia kwa kichwa, karani wake akaandika daftarini, wakala pilau, kila mmoja akatia dole gumba humo kuonyesha kwamba alihudhuria.

Nyamizi akarudi kwake kwa njia ya zizini. Chini ya zizi akakuta vibarua wamezama shimoni hadi mabegani. Wakamwambia walikuwa wameanza juzi. Kutwa nzima, palizi imelala, mtoto mgonjwa yuko kwa watu, kumbe wamekalishwa kujadili shimo lililokwisha chimbwa!

Masika yakaja, maji ya kisima yakageuka rangi, mtoto akazidiwa hata akalazwa. Nyamizi akamwendea mkwewe, akamweleza yote bila kuuma maneno. Mzee akafungua daftari.

"Mwanangu, mbona wanilaumu? Nyote mlishirikishwa, na dole lako hili hapa."

Mwaka uliofuata Lugembe akaitisha mkutano mwingine, wa kuamua pa kujenga ghala. Mabenchi yakapangwa, pilau ikaiva. Nyamizi akaendelea kupalilia karanga zake, hata uso hakuinua. Wengine nao hawakuonekana. Mzee akakaa na karani wake, akinung'unika kwamba watu wa mji huu hawajali mambo yao wenyewe.

Nanyi mnaopenda kunung'unika hivyo, niambieni: ni nani aliyewafundisha kutokuja?