Dokta Aliyekaa Chini

Alikuwako mtu mmoja, wapendwa, aliyesoma mpaka pale shule inapoishia. Kwao ni kule kwenye matoke, na alichosomea ni migomba yenyewe, ule ugonjwa wa mnyauko unaofanya majani yawe ya njano na ndizi ziive kabla ya siku zake. Ukizipasua ndani ni kahawia, hata ng'ombe hawazitaki. Miaka sita aliusomea huo ugonjwa mmoja. Mwisho wakamvika joho, wakampiga picha, wakampa karatasi inayosema kwamba tangu siku hiyo yeye ni daktari. Tumwite Byarugaba, maana lazima tuwe na jina la kuwekea hicho cheo.

Shida ilianza na kadi ya harusi. Mpwa wake alikuwa anaolewa, na katibu wa kamati akampigia simu kumuuliza amwandikeje: Ndugu, Mwalimu, au Dokta? Swali dogo hilo, sivyo? Byarugaba akasema atampigia baadaye. Siku ya kwanza hakupiga, na ya pili hakupiga.

Akampelekea mkewe lile swali. Mkewe alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua macho. "Miaka sita nimelea watoto peke yangu ili wewe upate hilo jina," alisema. "Nusu yake ni yangu. Usiifute bila kuniuliza."

Akaenda kwa kaka yake mkubwa. Huyo akamwambia kinyume kabisa. Alimwambia kwamba pale nyumbani yeye ni Byarugaba, mtoto wa marehemu baba yao, na akianza mambo ya udokta watu watamwona anajitenga. Tena wataanza kumletea watoto wenye homa. Na ni kweli, Jumapili moja baada ya ibada mzee mmoja alimfungulia mdomo pale mlangoni amtazame jino.

Basi yule ndugu akachanganyikiwa. Chuoni anakofundisha aliitika akiitwa Dokta. Akifika stendi anakuwa Mwalimu. Kanisani alimwomba katibu amwandike Ndugu, lakini kadi ilipotoka akaitazama muda mrefu, na moyoni kikamchoma kitu ambacho hakukipenda. Akajiuliza, kumbe nilikitaka hicho cheo? Akienda kujitambulisha kwa mtu mgeni alianza, "Naitwa Dok—," akasita, akakohoa, akataja jina tupu. Akilitumia lile la Dokta anajiona mwenye majivuno. Akiliacha anajiona mwongo. Alisali juu ya jambo hilo, na akainuka amechanganyikiwa vilevile.

Nawauliza ninyi mlioketi hapa: mngemshauri nini? Naona wengine mnatabasamu. Wengine mna majibu tayari. Mimi nilipoanza kuutafakari mfano huu nilikuwa nalo la kwangu, nikaja nikalipoteza.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mwaka ule mnyauko uliingia katika kitongoji chao. Mwenyekiti akaita mkutano uwanjani pa shule, na watu wakaja wengi, maana mgomba kwao ndio chakula. Mwenyekiti alikuwa na mpango, na ulikuwa mpango wa mtu mwema. Alisema Jumamosi kila nyumba itoe mtu mmoja na panga lake. Wapite pamoja kibanja kwa kibanja, yaani shamba la migomba la kila nyumba, wakate kila jani la njano, wasafishe kitongoji chote kwa siku moja. Watu wakaupenda. Ulikuwa na umoja ndani yake.

Byarugaba alikuwa amekaa katikati ya watu. Aliposikia hayo akajua wanakosea, kwa sababu ugonjwa ule husafiri kwa panga. Ukikata mgomba unaoumwa, kisha kwa panga lilelile ukakata mzima, umeshaupanda ugonjwa kwenye ule mzima. Hilo ndilo jambo alilolijua kuliko mtu yeyote katika wilaya ile.

Akasimama. Na alipokuwa anasimama, lile swali la kadi likasimama naye. Aseme yeye ni nani? Akisema, kaka yake yuko pale, anamsikia. Wazee wako pale, waliomjua akiwa na kamasi. Akaamua kuwa mnyenyekevu. Akasema kwamba yeye anaona, ni maoni tu, pengine ingefaa mapanga yapitishwe motoni kabla ya kutoka kibanja kimoja kwenda kingine, ila kama wenzake wanaona vingine si neno. Mwenyekiti akamshukuru ndugu kwa mchango wake, akasema kuwasha moto kila kibanja kutawachelewesha, akauliza kama kuna mwingine.

Byarugaba akakaa chini.

Jumamosi wakapita. Waliimba, wakakata, wakanywa togwa, wakarudi makwao wameridhika. Baada ya miezi miwili, vibanja ambavyo havikuwa na hata jani moja la njano vilikuwa vimelala, migomba imenyauka.

Jirani yake alikuwa mama mjane, mtu mzima, mwenye kibanja kidogo alichoachiwa na mumewe. Migomba yake yote ilikuwa mizima hadi siku ile ya mapanga. Mama huyo alikuja kumwona mchana, akakaribishwa kiti, hakukaa. Alikuwa amesikia kutoka kwa watu wa mjini kile jirani yake alichosomea.

"Mwanangu, ulikuwa unajua?"

"Nilisema, mama. Siku ile uwanjani nilisema."

"Ulisema kama mtu anayebahatisha. Mimi nilikusikia, nikajua huyu naye anabahatisha kama sisi. Kwa nini hukutuambia kwamba umelisomea?"

Byarugaba akamjibu ukweli, kwamba aliogopa watu watasema anajidai.

Yule mama akamtazama kama anayejaribu kuelewa lugha ngeni. Kisha akasema, "Basi wangesema. Wangesema, wewe ungeumia siku mbili, na mimi ningekuwa na migomba."

Mnalisikia neno hilo? Yule ndugu aliingia mkutanoni akiwa na maswali mawili kichwani: nikijiita Dokta wataniona vipi, na nisipojiita wataniona vipi. Yaani maswali yote mawili yalikuwa juu yake mwenyewe. Watu mia mbili walikuwa mbele yake na migomba yao, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwamo katika maswali yale. Akainamisha kichwa, akadhani ni unyenyekevu. Nami nawaambia, kile kilikuwa kiburi kilichovaa nguo za kanisani.

Kesho yake walitoka pamoja, yeye na yule mama, kwenda kuokoa vibanja vichache vilivyobaki. Kila mlango waliobisha, mama alitangulia kuongea. "Huyu ni Dokta wa migomba," alisema. "Alichelewa kutuambia. Msikilizeni." Na Byarugaba, mara ya kwanza tangu avikwe joho, hakukohoa. Aliomba moto, akaonyesha namna ya kuchoma panga. Vingine vilipona. Cha yule mama hakikupona.

Mtaniuliza, basi mchungaji, mtu alitumie jina hilo au asilitumie? Wapendwa, nimelifikiri wiki nzima, na bado sijui la kumwandikia katibu wa harusi. Kwenye kadi huenda lisiwe na kazi yoyote. Uwanjani pale lilikuwa ni chakula cha watu. Sina kanuni ya kuwapa, na anayewapa kanuni nyepesi mwogopeni kidogo.

Lakini sisi hapa, wengi wetu hatuna joho wala karatasi, na bado tunacho tunachokijua. Kuna fundi kati yetu aliyeona ukuta wa jirani umejengwa vibaya, akapita. Kuna mkunga aliyestaafu, anamwona binti mjamzito amevimba miguu, anasema wapo wakubwa watakaomwambia. Kuna mama aliyewahi kupigwa katika ndoa yake, anamwona mwingine akificha jicho, anajiambia mimi ni nani hata niseme.

Wiki hii nani alihitaji unachokijua, ukamwambia "ni maoni tu," ukakaa chini? Mtafute ukitoka hapa. Mwambie unachokijua, na mwambie umekijuaje.