Mti Mmoja wa Getini

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna taratibu, maana mwishoni nitataka jibu na sitaki mtu aniambie hakusikia. Leo sina sungura wala fisi. Nina watu wa kazi, na nitawasifu bila aibu.

Huko Dodoma palikuwa na kampuni ya bustani ya Mzee Mbeleje. Walipanda nyasi, walikata michongoma, na pale penye vumbi tupu waliacha kijani. Katika kampuni hiyo walikuwamo watatu waliojaliwa.

Sihaba, mpishi, alijaliwa jicho. Ungemfikia unacheka, naye angekuuliza nani amekuudhi asubuhi.

Bukuru, mtu wa Kigoma, alijaliwa sauti. Waliopanda nyasi bila yeye walichoka mapema. Waliopanda naye waliimba, yeye akianzisha na wao wakipokea, mpaka jioni wakashangaa kazi imekwisha.

Nyemo, msimamizi, alijaliwa msimamo. Akisema hapana, hata umlete shemeji yake akuombee, ni hapana.

Sasa sikilizeni. Kampuni ilipata kazi ya bustani ya hoteli mpya. Siku ya ufunguzi ilikuwa imekaribia na uwanja bado mweupe. Nyemo akaona watu hawatoshi, akampigia wakala wa vibarua. Wakala akaleta vijana kwa lori, pamoja na mnyapara mwenye miwani ya jua ambaye kila swali alilijibu yeye.

"Hawa ni wachapakazi, dada. Maneno hawana," alisema mnyapara.

Nyemo, kwa haraka aliyokuwa nayo, alishukuru tu.

Mchana Sihaba akapakua ugali na mlenda, akawaita wageni kama anavyowaita wote. "Karibuni chakula, wanangu!"

Mnajua mtu akikaribishwa chakula hufanya nini. Husema asante, au husema ameshiba hata kama anadanganya. Wale vijana hawakusema lolote. Walimtazama mnyapara kwanza. Mnyapara akatikisa kichwa, nao wakainama wakaendelea kuchimba. Sihaba alibaki na mwiko mkononi.

"Bukuru," akanong'ona, "wale wana njaa, lakini wanaogopa. Tangu lini mtu mzima akaomba ruhusa ya kula?"

Bukuru naye alikuwa amewasikia wakisemezana Kiha, lugha ya kwao. Ila angewaulizaje, na mnyapara habanduki? Akafanya lile analoliweza. Akapiga magoti kati yao, akashika fungu la nyasi, akaanzisha wimbo kwa Kiha. Mdundo ulikuwa wa kuchekesha, lakini maneno yalikuwa maswali. Mmetoka wapi, ndugu zangu? Mnalala wapi? Vitambulisho vyenu viko kwa nani?

Kimya. Mikono inapanda, midomo imefungwa. Nani alijua kama yule wa miwani haelewi Kiha? Ndipo kijana mmoja, Hamenya, akapokea wimbo. Aliimba kwamba waliahidiwa kazi ya kiwandani, kwamba simu na vitambulisho vyao vilichukuliwa, kwamba hulala katika stoo inayofungwa kufuli kwa nje, na mwenzao aliyejaribu kuondoka alipigwa. Aliimba pia kwamba nyasi zikiisha jioni hiyo wanapelekwa mahali wasipopajua. Wenzake wakaitikia: ni kweli, ni kweli.

Mnyapara akapiga makofi. "Naona leo mmechangamka!" Jamani, na kiuno alikitikisa kidogo!

Bukuru akaenda kunawa mikono, akapitia kwa Nyemo. "Dada, wale vijana ni mateka. Lori likitoka hapa hatutawaona tena."

Nyemo akalitazama lori. "Nimewaleta mimi," akasema.

Akaingia kwenye pikapu ya kampuni, akaisimamisha kuliziba lango zima la hoteli, akachomoa ufunguo akautia mfukoni. Akapiga simu polisi, akapiga na ofisi ya kazi. Mnyapara akaja juu. Meneja wa hoteli akaja mbio, jasho linamtoka.

"Toa gari hapo! Usipotoa, kazi hii mmeikosa!"

"Basi tumeikosa," alisema Nyemo, akapanda kukaa juu ya boneti.

Alikaa hapo mpaka polisi walipofika. Mnyapara akakamatwa, wakala akafuatwa, na vitambulisho vikarudi kwa wenyewe. Kazi ya hoteli walinyang'anywa kweli. Lakini nawaambia, hakuna mtu wa kampuni ile aliyeinamisha kichwa kwa hilo. Tangu siku ile, kibarua mgeni akifika kwao huulizwa habari zake akiwa peke yake, kitambulisho hukaa mfukoni mwake, na chakula hula pamoja na wenzake. Nikilisimulia hili najisikia mrefu, na mimi ni mfupi kama mnavyoniona.

Hamenya alitaka kubaki, akaajiriwa kama wengine. Sasa hapo ndipo penye kazi yenu.

Kampuni ile ina desturi. Aliyefanya jambo kubwa hupanda mti, na mti huo huitwa kwa jina lake. Getini kwa kampuni ilikuwa imebaki nafasi moja tu. Mzee Mbeleje akaleta mche wa mjakaranda, akawakusanya wote, akamkabidhi Hamenya jembe.

"Uliyeokolewa ni wewe, mwanangu. Mpe anayestahili."

Wee! Kelele zikaanza.

"Sihaba!" walisema wa jikoni. "Asingeona yeye, nani angeuliza?"

"Sihaba aliona hofu tu," walisema wapanda nyasi. "Habari za kufuli zilitoka kwenye wimbo wa Bukuru."

"Na wimbo ungeimbwa huku lori linaondoka," walisema madereva. "Aliyeziba lango ni Nyemo."

"Si ndiye aliyemwita wakala?" mtu akauliza.

"Ni mimi," alisema Nyemo. "Ndiyo maana ilinipasa kuliziba."

Bukuru akainua mkono. "Mimi niliimba kitambulisho changu kikiwa mfukoni. Hamenya aliimba bila chochote, na mnyapara amesimama mgongoni mwake. Mimi naona jembe likae papo hapo lilipo."

Hamenya alikuwa ameshauchana mfuko wa mche, mizizi iko nje, na jua la Dodoma mnalijua. Akamtazama Sihaba, akamtazama Bukuru, akamtazama Nyemo, akalitazama jembe mikononi mwake. Hakumtazama mtu yeyote kuomba ruhusa.

Mimi naishia hapa. Je, wewe ungeamua vipi? Mti ule uitwe kwa jina la nani? Semeni upesi, mizizi inakauka.