Tangazo Lililokataa Kunyamaza

Soma mpaka mwisho ndipo ubonyeze kutuma. Nawajua watu wa makundi haya ya simu: mtu anasoma mstari wa kwanza, kidole kimeshawahi.

Palikuwa na redio moja ya wilayani, huko nyanda za juu kwenye baridi na migomba, na fundi mitambo wake aliitwa Gwakisa. Alikuwa fundi mzuri, hilo hakuna anayebisha. Ila alikuwa na ugonjwa wa mafundi wengi: kitu kikishawaka, kwake kimekwisha.

Gwakisa alikuwa ameandika programu ya kompyuta ya kuendesha matangazo. Programu hiyo yenyewe haikutangaza kitu. Kazi yake ilikuwa kuzaa programu ndogo ndogo na kuzituma: huyu kapige muziki, yule kasome matangazo ya vifo, mwingine kataje saa. Mafundi wenyewe wanaziita hivyo hivyo, programu mzazi na programu watoto.

Kwenye kompyuta za zamani mambo yalikwenda vizuri. Ukifunga dirisha la mzazi, watoto wote wanaondoka naye. Kisha meneja, Mama Tumpe, akanunua kompyuta mpya ya mfumo mwingine kabisa, ikafungwa kule kilimani kwenye mnara. Gwakisa akahamishia programu yake huko, akawa anaiendesha kutoka studio. Akaona watoto wanazaliwa, muziki unalia, akaenda zake kunywa chai.

Alijaribu kuwatuma. Kuwaita hakujaribu. Nawaambia mapema msije mkamwonea huruma kupita kiasi.

Siku moja asubuhi akaja bwana mmoja analia, kaleta tangazo la kifo cha mjomba wake, Mzee Asajile. Alikuwa amefika hospitali akakuta kitanda kitupu na godoro limekunjwa. Hakumuuliza nesi, hakumuuliza hata mgonjwa wa kitanda cha pili. Alipanda bodaboda moja kwa moja mpaka redioni. Na redioni nao hawakumuuliza kitu, maana mtu analia, utaanzia wapi kumhoji?

Tangazo likaingizwa, mtoto akatumwa, na kila wimbo ulipoisha wilaya nzima ikasikia: "Familia ya Mzee Asajile inasikitika kutangaza kifo cha mzee wao mpendwa. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo."

Zikawafikia kweli. Zilimfikia hata marehemu mwenyewe, akiwa nje ya geti la hospitali anakula chapati na maharage. Alikuwa ameruhusiwa tangu alfajiri.

Saa sita mchana akasimama mlangoni mwa studio, kipande cha chapati bado kiko mkononi.

"Shikamoo mzee," Gwakisa akamsalimia. "Umeleta tangazo la kawaida au la kifo?"

"Marahaba. La kifo, tena langu mwenyewe. Naomba ulitoe."

Gwakisa akamtazama juu mpaka chini, akaelewa, akaona aibu.

"Nisikilize, fundi," Mzee Asajile akasema. "Mama yangu bado yupo, ana presha, anaishi peke yake kijijini, mbali, na simu hana. Saa saba ndiyo anawasha redio asikilize vifo, hajawahi kukosa. Akilisikia hilo, mtakuwa mmeua kweli, ila si mimi."

"Hiyo ni kazi ndogo, mzee wangu. Wewe malizia chapati yako."

Gwakisa akafunga dirisha la mzazi, akaegemea kiti. Wimbo ukaisha. "Familia ya Mzee Asajile inasikitika kutangaza..."

Akadhani hakuzima vizuri. Akamwasha mzazi upya ili amzime upya. Lakini mzazi huyo, kuwashwa tu, akafanya anachojua: akazaa mtoto mwingine na kumpa tangazo lile lile. Wimbo uliofuata ulipoisha wakatangaza wawili, mmoja nyuma ya mwenzake kwa neno moja, kama padri na waumini wake.

"Fundi," Mzee Asajile akasema taratibu, "sasa nimekufa mara mbili."

Hapo akaingia Mama Tumpe, simu mkononi, uso umekunjamana. "Gwakisa, hivi tangazo moja linakushinda? Mimi lile nililotuma asubuhi kwenye kundi la wasikilizaji nimeshalifuta. Dakika moja tu. Wewe na utaalamu wako unahangaika na nini?"

"Nimemzima mzazi, Mama. Watoto hawasikii."

"Kwa hiyo ulituma kitu usichoweza kukirudisha? Mtu mzima kabisa?"

Gwakisa akarudi kwenye kompyuta. Mama wa watu kasema kweli.

"Basi zima umeme wa mnara," Mama Tumpe akasema.

"Funguo anazo mlinzi."

"Si umpigie?"

Akampigia. Upande wa pili kulikuwa na upepo na mlio wa pikipiki. "Sipo, fundi," mlinzi akasema. "Niko njiani naenda msibani kwa Mzee Asajile. Kwani hukusikia redio?"

Mama Tumpe akamshika marehemu mkono, akamkalisha mbele ya maikrofoni. Mzee Asajile akakohoa kidogo. "Ndugu wasikilizaji, ni mimi Asajile. Mimi ni mzima, nimeruhusiwa leo hospitali, na mama yangu kama unanisikia..." Wimbo ukawa umeisha. Wale watoto wawili wakaja juu ya sauti yake, "inasikitika kutangaza kifo cha mzee wao mpendwa," wakammeza mpaka mwisho.

Ilikuwa imebaki nusu saa kufika saa saba. Gwakisa jasho linamtoka kwenye baridi ile. Alijaribu kuwatumia watoto amri ya kistaarabu, ile ya "acha ulichoshika, funga, uondoke", ambayo mashine za zamani zilikuwa zikiitii bila shida. Mfumo mpya haukuijua amri hiyo hata kidogo. Kule mzazi akifa, mtoto hana habari. Anabaki yatima, na kazi aliyotumwa anaifanya mpaka mwisho. Gwakisa alimkasirikia aliyeitengeneza mashine, akamkasirikia Mama Tumpe aliyeinunua, kisha akajikasirikia yeye zaidi ya wote. Angejaribu kuzima mara moja tu, siku ile ile ya kwanza, asingefika hapa.

Basi akaanza kuwasaka watoto mmoja mmoja, katikati ya mamia ya programu za mashine ile, na kila aliyempata akamkata kwa nguvu bila kumuaga. Wa kwanza akanyamaza. Wa pili alimpata saa saba inakaribia kugonga.

Wimbo ukaisha. Wote watatu wakatega masikio. Ukaanza wimbo mwingine.

"Haya," Mama Tumpe akasema, akijipepea na kanga. "Umetuhangaisha, lakini tumewahi."

Mzee Asajile akawashukuru, na Mama Tumpe, kwa kuwa aliona haya, akasema watampeleka kwa mama yake kwa gari la redio. Njiani kila mtu alikuwa na moyo mweupe. Gwakisa hata akaanza kumweleza mzee habari za mzazi na watoto, na mzee akacheka.

Walipokata kona ya mwisho wakakuta uani watu wamejaa. Wanaume wanapasua kuni. Wanawake wamejitwika mikungu ya ndizi, na vilio vinatoka ndani.

Bibi, mama yake Mzee Asajile, alikuwa amelazwa kwenye mkeka, kichwa kiko mapajani mwa jirani. Mdomo umekwenda upande. Mzee Asajile akapiga magoti. "Mama, mimi hapa. Sijafa, Mama." Bibi akainua mkono wa kulia akampapasa uso. Wa kushoto ulijaribu kuinuka, ukashindwa.

"Amesikia redioni?" Gwakisa akamuuliza jirani.

"Redio yake betri zimekwisha tangu juzi," jirani akasema. "Sisi ndio tulikuja kumpa pole. Mimi nilitumiwa na kundi la kwaya. Huyu katumiwa na wauza viazi wenzake. Shemeji yangu katumiwa kutoka Mbeya." Akatoa simu. Lilikuwa tangazo lile lile, neno kwa neno, na juu yake Mama Tumpe alikuwa ameandika jina la kundi la wasikilizaji.

Mama Tumpe akaishika simu ile kwa mikono miwili. "Lakini mimi nilifuta," akasema. "Nilifuta mapema kabisa. Gwakisa, si nilikwambia?"

Gwakisa hakuwa na hasira tena. Alikuwa amechoka tu.

"Ulimzima mzazi, Mama," akasema. "Watoto je?"

Simu ikalia mkononi mwa Mama Tumpe. Kuna mtu, sehemu fulani, alikuwa ametoa pole.

Bibi yule bado yupo, na Mzee Asajile bado yupo, anampikia uji. Mkono wa kushoto wa bibi mpaka leo haushiki kikombe. Na wiki iliyopita tu, mtu wa mbali ametuma rambirambi.

Funzo: Kabla hujatuma, jua utakavyomwita arudi. Ukishatuma, kujinyamazisha wewe hakumnyamazishi uliyemtuma.