Kioo cha Nyuma Hukwamia Mbele

Kioo cha nyuma hukwamia mbele. Methali hiyo mmeisikia leo mkutanoni, mmecheka, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Haikutoka mbali. Ilitoka kwenye gari la ushirika wetu wa pamba hapa Igulumilo, na kwa mtu aliyekaribia kuamini kwamba amerukwa na akili kwa ajili ya vioo viwili.

Mtu huyo ni Lushinge, fundi umeme wa magari. Shule aliiachia darasa la nne, lakini waya aliujua kama mfugaji anavyomjua ndama wake. Kibanda chake kilikuwa ndani ya uwanja wa ushirika, kwa ruhusa ya mwenyekiti, Bwana Nkwabi. Mwenyekiti akicheka, Lushinge alicheka hata kama hakusikia kilichosemwa.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, limeshazeekea nchi za watu kabla ya kuletwa kwetu. Lilinunuliwa kwa pamba ya wanachama wote, ila aliyeliendesha ni Nkwabi peke yake. Kiti cha dereva alikitandika taulo jekundu, na hakuna mwingine aliyekikalia. Aliyewahi kujaribu, dereva wa kuajiriwa, alifukuzwa siku hiyo hiyo. Watu wakajifunza. Hata gari likitengenezwa, mwenyekiti alibaki kitini na gazeti lake, akiwasha ufunguo fundi akimwomba.

Msimu ule vioo vya milango ya nyuma viligoma vikiwa vimefungwa. Ubonyeze juu, ubonyeze chini, kimya. Jua la kwetu mnalijua. Na gari hilo ndilo lililowapeleka wagonjwa wilayani, kwa sababu gari la wagonjwa tuliahidiwa tu na wakubwa uchaguzi mmoja, wakatuahidi tena uchaguzi uliofuata. Siku moja mama mjamzito akazimia humo kwa joto.

"Tatizo liko nyuma," mwenyekiti akamwambia Lushinge. "Mbele hakuna tatizo. Ona." Akabonyeza kioo chake. Kikashuka, kikapanda, laini kabisa.

Lushinge akaona, akaamini.

Akang'oa swichi za nyuma, akafunga nyingine. Kimya. Akadhani kauziwa mbovu, akatafuta nyingine tena. Kimya. Akaichomoa mota ya kioo, akaiunganisha na betri mezani: ikavuma kama nyuki. Akairudisha mlangoni: imekufa. Akaitoa tena: nzima! Lushinge akakaa chini, bisibisi mkononi, akiitazama mota kama mtu anayetazama ng'ombe aliyemjibu kwa maneno.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Mkewe, Nyanzobe, alikuwa amefariki miezi mitano nyuma, na tangu hapo Lushinge alishajikuta akiteka maji ya watu wawili, akimwita mtu asiyekuwepo. Sasa akajiuliza: je, na mikono nayo imeenda kaburini? Alizihesabu waya za mlango ule, akapata tano. Akazihesabu tena, akapata sita. Hakujua aamini hesabu ipi.

Kamati ikaja kibandani siku ya Alhamisi. Mwenyekiti akashuka garini kuongea, ufunguo akauacha mahali pake.

"Ndugu wajumbe," akasema, "mzee wetu amechoka. Msiba umemlemea. Swichi kabadilisha mara mbili, bado! Kesho kibanda hiki tumpe kijana wa mjini."

Lushinge mwenyewe alikuwa nusu upande wa mwenyekiti: hata yeye aliona huenda amechoka.

Mama Holo, mpima pamba, alikuwa kakaa kiti cha nyuma, mlango wazi, akijipepea kwa daftari. Mama huyu hakuwa na breki mdomoni.

"Shemeji Lushinge, hebu niambie mimi mjinga. Huo umeme wa huku nyuma unatokea wapi?"

"Unapitia kwanza kwenye swichi ya mlango wa dereva," Lushinge akasema. "Ndipo unakuja huko."

"Na huko mlango wa dereva umeshafungua?"

"Mwenyekiti alisema mbele hakuna tatizo."

"Sikukuuliza mwenyekiti alisema nini. Umefungua?"

Maisha yake yote Lushinge hakuwahi kuuamini waya bila kuupima, lakini neno la mkubwa alilipokea kama kipimo. Akainuka. Akazunguka gari. Akakaa juu ya taulo jekundu.

"We Lushinge! Kiti hicho!" mwenyekiti akafoka.

"Hakina miba, Mwenyekiti," Mama Holo akamwambia. "Mwache akae."

Lushinge alikuwa ameshalibandua lile bamba la swichi. Ndani, upande wa kitufe cha mwenyekiti, shaba ilikuwa safi. Upande wa vitufe vya nyuma, soda iliyomwagika ilikuwa imegandia, imeota kutu ya kijani, na sisimizi wamefia humo. Akalinyanyua bamba wote waone.

Mwenyekiti akakohoa. "Soda yenyewe nilipewa na wanachama," akasema.

Lushinge akasugua kwa mswaki na spiriti, akapitisha msasa kidogo, akarudisha. Swichi za nyuma akafunga zile zile za zamani alizozitoa mwanzo, maana hazikuwahi kuwa mbovu.

Akawasha ufunguo. "Bonyeza, shemeji."

Mama Holo akabonyeza. Kioo kikashuka. Upepo ukampiga usoni, naye akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Jamani! Kumbe kioo cha nyuma hukwamia mbele!"

Mwenyekiti akasema, "Si nilijua utaweza?" na kwenye kumbukumbu za kikao ikaandikwa kwamba gari limetengenezwa chini ya usimamizi wake. Habari ya kijana wa mjini haikutajwa tena. Lushinge akarudi kwenye mlango wa nyuma, akazihesabu waya zile kwa kidole. Tano. Akarudia. Tano. Akazihesabu mara ya tatu, polepole, na machozi yakamtoka mbele za watu, naye hakuyafuta.

Basi, mkiambiwa darasa halina madawati kwa sababu wazazi ni wavivu, na zahanati haina dawa kwa sababu wagonjwa mmezidi, msikimbilie kuhesabu makosa yenu. Nendeni kwanza mkafungue mlango wa anayewaambia. Kioo cha nyuma hukwamia mbele.