Mfalme Aliyetaka Mtoto Asiye na Kijidudu Hata Kimoja

Wenye watoto wachanga someni hii yote, msiishie katikati, halafu mmrushie na yule anayekuja kuwaogeshea watoto.

Mfalme Sadala alikaa miaka mingi bila mtoto. Mkewe, Mwanakombo, alipojifungua mtoto wa kiume, mji mzima ulilala ngomani. Akaitwa Tabibu Mshangama aje na hadubini yake amwangalie mtoto kama yuko salama.

Tabibu akachukua mate kidogo ya mtoto, akachungulia, akatabasamu. "Mtukufu, mtoto ni mzima kabisa. Mwilini mwake kuna vijidudu vingi kuliko raia wako wote."

Mfalme akasimama. "Viliingia kwa ruhusa ya nani?"

"Mtukufu, hivi havina..."

"Nimekuuliza ruhusa ya nani!"

Tabibu alitaka kueleza, lakini nani kampa nafasi? Bi Nunuu, mama yake mfalme, alishadakia. "Mimi nilisema! Nilisema huyu msichana kwao mbuzi wanalala sebuleni, mkaniona nina roho mbaya. Haya, mjukuu wangu kajazwa wadudu!"

Basi ikatoka amri. Mtoto aogeshwe kwa dawa kali ya kusugulia sakafu. Kinywa kipanguswe kwa dawa. Anyweshwe dawa chungu asubuhi na jioni, na jamani mtoto hata homa hana, hana hata kikohozi, ananyonya na kulala tu! Na mama yake asimguse wala asimnyonyeshe, mtoto apewe maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, mpaka ajulikane aliyeviingiza vijidudu hivyo, na huyo akijulikana atafukuzwa nchini siku hiyo hiyo, asimwone mtoto tena.

Mwanakombo akakaa nje ya mlango, maziwa yanamwagika kwenye kanga, anamsikia mwanawe analia ndani, na mlinzi kasimama na mkuki. Mkuki! Kwa mzazi ambaye hata arobaini hajatoka!

Mtoto akaanza kubadilika. Ngozi ikababuka. Kinywani ukatanda utando mweupe. Tumbo likajaa, likawa gumu kama ngoma, akawa anaharisha maji matupu.

Na unadhani walisemaje? Walisimama wakajiuliza? Wapi! Bi Nunuu akapiga kofi paja lake. "Mnaona? Vimeongezeka! Ongezeni dawa!"

Wakaongeza.

Mtoto alipofika hata kulia hawezi, mfalme akawaka. Akawakusanya wote mbele ya kitanda cha mtoto, mkunga, mpishi, yaya, akamwamuru tabibu awapime mikono mmoja mmoja, na yeye mwenyewe akatangulia kunyoosha wake kuonyesha ulivyo safi. Kila mtu anaapa kwamba ananawa. Tabibu akapima, akafika kwa Mwanakombo, akainamisha kichwa.

"Vijidudu vichache vilivyobaki kwa mtoto vinafanana na vya huyu."

"Ndiyo, ni mimi," akasema Mwanakombo, hakungoja kuulizwa. "Alipokuwa anatoka tumboni kwangu nilimpa. Nilipomnyonyesha nilimpa, nilipombusu nilimpa. Alipokuwa navyo alikuwa ananyonya vizuri. Nyie mmevimaliza, haya, nionyesheni alivyonenepa!"

"Kakiri mwenyewe!" Bi Nunuu akaruka. "Fungasheni vitu vyake!"

Mfalme akanyanyua mkono atoe hukumu. Hapo ndipo tabibu akapata sauti.

"Mtukufu, vibaya vipo, na mikono tunawe. Lakini hivi ndivyo vinavyomsaidia kusaga maziwa, na vikikaa mwilini mwake, vile vibaya vinakosa pa kukaa. Ndicho nilichotaka kukwambia siku ile. Tena mkono wako nimeupima pia. Unavyo."

"Mimi?" Mfalme akajitazama kiganja kana kwamba si chake. "Mimi nani kaniwekea?"

Tabibu akamgeukia Bi Nunuu, aliyemzaa.

"Ati mimi!" Bi Nunuu akashika kifua. "Mimi ninayeoga mara tatu kwa siku! Sadala, mwanangu, unamsikiliza huyu?"

Amri ni ya mfalme mwenyewe, wote wameisikia: aliyeviingiza afukuzwe. Sasa amfukuze mkewe ambakize mama yake kwa kosa lilelile?

Mfalme akaenda kitandani, akamnyanyua mtoto kwa mikono yake, mwepesi kama nguo, akamlaza kifuani kwa Mwanakombo.

"Mpe," akasema. "Mpe vyote ulivyo navyo."

Dawa zikamwagwa. Mtoto hakuinuka siku ile, haikuwa rahisi hivyo, mama yake alimbeba kifuani usiku na mchana akimnyonyesha kidogo kidogo mpaka tumbo likalainika. Na Bi Nunuu, kwa mara ya kwanza tangu harusi, alipiga hodi kabla ya kuingia chumbani kwa Mwanakombo.

Funzo: Mwili wa mtoto haukuumbwa uwe mtupu. Dawa ni ya anayeumwa, na kabla hujamwita mama wa mtoto mchafu, msikilize kwanza, maana huyo mtoto uzima aliupata kwake.